LLM ya kozi ukitokea Lubumbashi: anza na dosye iliyo mezani kwako

Mdogo wangu, nirudie ulichouliza ili wengine nao wafuate. Umemaliza lisansi ya sheria UNILU, yaani Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kwa mfumo wa zamani, sasa ni stajieri (wakili mwanafunzi) hapa mjini, una 66% inayokutia haya, Kiingereza unakisoma lakini mdomoni kinagoma, na pesa huna. Unataka LLM (masta ya sheria) ya kozi, ile ya kuhudhuria madarasa na kumalizia na tasnifu ndogo, na unauliza ipi ni rahisi kuingia, na kama itakufanya mwalimu UNILU. Mimi niliifanya Afrika Kusini kwa bursi (ufadhili wa masomo), nikarudi kazini hapa hapa. Nitakujibu, ila lile swali la urahisi nitaligeuza kidogo.

Kwanza hiyo 66. Usiionee haya, lakini usiiache isafiri peke yake. Kwetu kuanzia 50 hadi 69 ni satisfaksio, distinksio inaanza 70, na aliyepita fakulte ya sheria anajua 70 haiokotwi njiani. Karani wa udahili kule ng'ambo hajui hilo. Uingereza 70 ndiyo daraja la juu kabisa na 60 hadi 69 ni daraja ambalo LLM nyingi zinalitaka, kwa hiyo namba yako ni nzuri tu. Kinachoiua ni ile mansio ya "satisfaksio" iliyoandikwa pembeni, anayeisoma anadhani ulipita kwa kuponea chupuchupu. Nenda sekretarieti ya fakulte, omba barua fupi yenye mhuri inayoeleza ngazi za maksi, na ikiwezekana nafasi yako katika promosheni, yaani kati ya wenzako wa darasa. Barua hiyo hiyo iseme kwamba masomo yako yalikuwa miaka mitano, mitatu ya gradua na miwili ya lisansi. Tangu LMD, ule mfumo mpya wa digrii, ianze mwaka 2021-2022, chuo kile kile kinatoa lisansi ya miaka mitatu, na wewe usipojieleza utahesabiwa humo.

Kuhusu diploma: peleka maombi kwa atestasio (hati ya muda kwamba umemaliza) na releve (karatasi za maksi) zako zote, lakini siku hiyo hiyo anza kuifuatilia diploma yenyewe, kwa sababu safari yake hadi wizarani Kinshasa na kurudi unaijua. Kwa Afrika Kusini kuna SAQA, taasisi inayopima vyeti vya nje, na hao wanataka karatasi kamili pamoja na tafsiri ya mtafsiri aliyekula kiapo. Viza nayo ina orodha yake, hati ya kutohukumiwa na bima ya afya ya kule kule vikiwemo. Watu wameshakueleza hayo, mimi napita.

Sasa lile swali la "ipi ni rahisi". Nadhani ndilo linalopoteza watu wengi wa kwetu. Wanatuma barua moja ya motisha kwa vyuo kumi, imeandikwa "nina shauku na haki za binadamu", na hakuna anayewajibu. Wewe una faida ambayo mwanafunzi wa London hana: umeketi Katanga, na Katanga inatoa maswali ya sheria kama inavyotoa shaba.

Chukua Kilwa, hii ya kwetu Katanga, si ile ya Tanzania. Oktoba 2004 jeshi la Kongo liliingia pale kando ya ziwa Moero, watu zaidi ya 70 wakauawa. Kesi ya mahakama ya kijeshi hapa Lubumbashi iliisha 2007, washtakiwa wakaachiliwa kwa mauaji hayo. Familia zikaenda hadi Québec, kwa kuwa kampuni ya uchimbaji ya Anvil Mining, iliyolalamikiwa kwamba magari yake yalibeba wanajeshi, ilikuwa na ofisi Montréal. Jaji wa kwanza alikubali kuisikiliza kesi mwaka 2011, Mahakama ya Rufaa ikakataa 2012, na Mahakama Kuu ya Kanada ikagoma kuifungua tena. Mwishowe Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikasema Serikali ya Kongo inawajibika, na katika uamuzi uliotangazwa 2017 ikataka waathirika walipwe dola milioni 2.5.

Katika habari hiyo moja mna LLM tatu tofauti. Ukijiuliza kwa nini jaji wa Québec alikuwa na haki ya kukataa, wewe ni mtu wa sheria binafsi ya kimataifa. Ukijiuliza kampuni inawajibikaje kwa magari yake, nenda kwenye sheria ya biashara na haki za binadamu, au sheria ya madini, na hapo Kode ya Madini ya Kongo, ile sheria ya 2002 iliyorekebishwa 2018, unaijua kuliko mwalimu atakayekufundisha. Ukijiuliza uamuzi wa Tume unatekelezwaje dhidi ya serikali isiyotaka kulipa, hapo ni mfumo wa Afrika wa haki za binadamu. Swali linalokunyima usingizi ndilo linalochagua chuo.

Kwa hilo la tatu, Pretoria ndiyo nyumbani kwake. Kituo cha Haki za Binadamu cha Chuo Kikuu cha Pretoria kina LLM ya mwaka mmoja iliyoanza 2000: nusu ya kwanza mnakuwa wote Pretoria, nusu ya pili mnatawanywa katika vyuo washirika barani. Ushindani wake ni mkali. Kwa madini na nishati, Dundee kule Scotland ina jina la muda mrefu. Dar es Salaam kuna kituo cha Watanzania na Wajerumani, kilianza 2008 pamoja na Chuo Kikuu cha Bayreuth, kinashughulikia sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kongo imo tangu 2022. Madarasa ni kwa Kiingereza, usidanganyike. Kiswahili utakitumia sokoni, na Kiswahili chetu cha Lubumbashi watakicheka mpaka ukizoee kicheko chao. Na kama Kiingereza kinakutisha kabisa, si dhambi kubaki kwenye Kifaransa: bursi za ARES, shirika la vyuo vya Kifaransa vya Ubelgiji, zinapokea Wakongo, na Yaoundé wana masta yao ya haki za binadamu katika Chuo Kikuu Katoliki cha Afrika ya Kati.

Pesa. Chevening, bursi ya Uingereza, inadai uzoefu wa kazi wa miaka miwili hivi, wanaouhesabu kwa saa 2,800, na ukimaliza masomo lazima urudi kwenu kwa miaka miwili. Staji ya uavoka (uwakili) kwa sheria ya Kongo ya 1979 nayo ni miaka miwili. Unaona ninakoelekea: maliza staji, andikwa kwenye tablo (orodha ya mawakili), ndipo uombe. Anayekimbia katikati ya staji anarudi kukuta batonie (mkuu wa chama cha mawakili) mpya na maswali ya zamani. Weka kumbukumbu ya saa zako tangu sasa, na barua ya bosi wa kabine, yaani ofisi ya mawakili unakofanyia staji. Tena usihesabu bursi kama pesa ya wiki ya kwanza, mara nyingi inachelewa. Nilifika na akiba yangu ndogo na ndiyo iliyonilipia dhamana ya chumba.

Barua za maprofesa ni somo zima. Profesa wako mkubwa yuko Kinshasa kwenye siasa, simu hapokei, na fomu inamtumia kiungo kwenye imeli ambayo haifungui. Achana na jina kubwa. Tafuta aliyesahihisha tefee (tasnifu ya mwisho wa masomo) yako na anayekumbuka ulichoandika. Mpelekee karatasi moja: tefee ilihusu nini, ulipata ngapi kwake, unaomba nini, mwisho lini. Atakuambia "andika mwenyewe nitasaini"; wewe mwachie hizo hoja zako, aandike yeye. Barua mbili zenye mkono mmoja zinajulikana haraka.

Kiingereza. Mtihani utaufanya, na ukichagua ule wa kufanyia nyumbani, nenda mahali penye jenereta, kwa sababu delestaji, ule mgao wa umeme, haina huruma. Lakini mtihani si ndio mlima. Mlima ni kusoma. Kila wiki unapewa hukumu na makala za kutosha kujaza sanduku, na semina haianzi kwa mwalimu kufundisha. Inaanza kwa yeye kukutazama na kuuliza: jaji alikosea wapi?

Hapo ndipo sisi watu wa mfumo wa Kifaransa tunapotoka jasho. Tumelelewa na silabi (kitini) ya profesa na ule mpango wa sura mbili, kila sura seksheni mbili. Tulikuwa na mwenzetu mmoja kutoka Bukavu, kichwa kikali, Chuo Kikuu Katoliki cha kule walimtoa na distinksio. Insha yake ya kwanza ilirudi kurasa mbili za mwanzo zimekatwa kwa mstari mmoja wa wino mwekundu toka juu hadi chini. Zilikuwa na historia ya haki za binadamu tangu Wagiriki. Kwenye ukurasa wa tatu, pale alipofikia kesi yenyewe, mwalimu aliandika pembeni: "Anza hapa." Na mwishoni, chini ya hitimisho lililosema kwamba wanazuoni wanatofautiana: "Na wewe unasemaje?" Jamaa alikasirika siku nzima, hata bukari (ugali) tuliyopika haikumtuliza. Insha iliyofuata aliifungua kwa sentensi moja, kwamba Tume ilikosea, na sababu ni tatu. Akapata maksi nzuri kuliko wote wa kundi letu.

Kwa hiyo jizoeze tangu sasa. Uamuzi wa Kilwa uko bure kwenye tovuti ya Tume, ni shauri namba 393/10, na una toleo la Kifaransa. Usome kwa Kiingereza kwanza. Andika ukurasa mmoja: nini kilitokea, swali la sheria ni lipi, waliamua nini, kwa sababu gani, na wewe unakubali au hukubali. Fanya hivyo kila Jumamosi na hukumu tofauti. Ile ya Mahakama ya Kimataifa ya 2022 kuhusu dola milioni 325 ambazo Uganda iliamriwa kuilipa Kongo inafaa sana, maana utataka kubishana na hesabu zao. Na kila neno ulilolitoa kwa mtu litaje kwa tanbihi. Kule kunakili ufafanuzi wa profesa bila jina lake ni wizi wa kitaaluma, kuna programu inayonasa, na watu wamefukuzwa.

Tasnifu ndogo nitaisema kwa ufupi. Ukitaka kuhoji watu, lazima upite kamati ya maadili ya utafiti, na ruhusa hiyo inakula miezi katika mwaka ambao tayari ni mfupi. Jenga hoja yako juu ya hukumu, mikataba na hati zilizochapishwa. Msimamizi naye mtumie sura, usimtumie salamu.

Jambo la mwisho ulilouliza, kama LLM itakufanya mwalimu UNILU. LLM ya Uingereza ni kredi 180 za kwao, sawa na 90 za Ulaya, na masta ya LMD ni 120. Kama lengo lako ni uasistenti (ualimu msaidizi chuoni) kisha udaktari, pita kwa dekani sasa hivi, umwoneshe programu unayoitaka, na upate jibu lake kwa maandishi kabla hujalipa hata ada ya maombi. Kama lengo ni kabine, kampuni za madini au mashirika, hesabu hiyo haitakusumbua. Watakuuliza uliandika kuhusu nini.

Anza na ile barua ya sekretarieti. Jumatatu nenda mapema, kabla foleni ya wanaodai releve haijafika uani.