Mtoto Mwenye Usonji na Daftari Linalotembea Kati ya Nyumbani na Shule

Wazazi wanaoniuliza kuhusu watoto wao hapa Kigoma huanza karibu wote na swali moja: wampeleke mtoto hospitali gani? Mimi huwaambia waanze na Maweni, hospitali yetu ya rufaa ya mkoa, badala ya kukopa nauli ya kwenda Dar es Salaam, safari ya reli ya zaidi ya kilomita 1,200, kabla hata masikio ya mtoto hayajapimwa. Mtoto asiyeitika akiitwa jina lake anaweza kuwa na usonji (autism), yaani hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa namna mtoto anavyowasiliana na wengine, lakini anaweza pia kuwa hasikii vizuri. Naye anayeduwaa ghafla kwa sekunde chache, kisha akaendelea kama hakuna kilichotokea, achunguzwe kifafa, ambacho huwapata watoto wenye usonji mara nyingi zaidi kuliko wengine. Dawa ya kuondoa usonji wenyewe haipo, na anayekuuzia dawa hiyo, awe amevaa koti jeupe au kaniki, anakula fedha yako.

Baada ya hospitali mtoto hurudi mikononi mwa watu wawili, yaani anayemlea na mwalimu wake wa darasa. Wasipozungumza hao, mtoto hupewa amri hizi asubuhi na nyingine jioni, na mwenye usonji hulemewa na jambo hilo kuliko mtoto mwingine yeyote. Mimi na walimu wa mwanangu tunazungumza kwa daftari dogo linalokaa kwenye begi lake. Hatuandiki kwamba "leo amesumbua", kwa sababu sentensi hiyo haimsaidii mtu. Tunaandika kilichotangulia, alichofanya, na kilichomtuliza.

Ukurasa mmoja wa mwalimu ulisomeka hivi: "Saa nne kasoro, mvua imeanza. Ameziba masikio, ameingia chini ya dawati, amempiga teke mwenzake aliyemvuta. Ametulia mvua ilipopungua." Tulipozisoma kurasa kadhaa za namna hiyo kwa pamoja, tuliona kwamba siku za ugomvi zilikuwa siku za mvua kubwa, na anayeishi huku anajua darasa la bati lisilo na dari linavyonguruma mvua ikishika. Kelele ambayo kwa wengine ni kero tu, kwake inaumiza. Mwalimu alimhamishia dawati la karibu na mlango na kuwaambia wanafunzi wasimvute akijificha, nami nikatia kwenye begi kofia ya sufu inayofunika masikio. Kengele ya shule, ambayo ni rimu la gari linalogongwa kwa chuma, ilikuwa rahisi zaidi, kwani mwanafunzi wa zamu humpa ishara ya mkono kabla ya kuigonga. Ukiondoa bei ya kofia, hayo yote hayakugharimu hata shilingi.

Nyumbani, jambo la kwanza ni kufupisha maneno. Mwanangu husemeshwa Kiha na bibi yake na Kiswahili na mwalimu, na wapo walionishauri bibi aache Kiha. Sikukubali, kwa kuwa lugha mbili hazimdhuru mtoto mwenye usonji. Kinachomchanganya ni maelezo marefu yenye maswali yasiyotaka majibu, kama vile "Hebu fanya haraka, hujui wenzako wameshaondoka na uji unapoa?" Mwambie, "Kwanza viatu. Kisha uji." Sisi tumechora pia picha za kuoga, kuvaa, kunywa uji na kwenda shule kwenye vipande vya boksi, tukazitundika ukutani, naye huzigeuza moja baada ya nyingine kila anapomaliza jambo. Mpango wa siku ukibadilika, picha ibadilishwe kabla, akiona.

Suala la salamu lina uzito wake huku kwetu. Mtoto asiyemtazama mjomba usoni na asiyesema "shikamoo" huhesabiwa kuwa hana adabu, na mama yake huhesabiwa pamoja naye. Naona ni bora kuwapigia simu wenyeji kabla ya ziara na kuwaeleza kwamba atawasalimu kwa kuwagusa mkono bila kuwatazama. Wazee wengi hulipokea hilo wakiambiwa mapema na kwa heshima. Anayebaki kununa, mwacheni anune.

Mwalimu mwenye darasa lililojaa hawezi kupokea orodha ya madai. Usimwendee asubuhi wanafunzi wakiwa mstarini. Nenda mchana, mshukuru kwa lililowezekana, kisha uombe jambo moja tu. Kuhusu viboko, hata hivyo, usiombe kwa kunong'ona. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 13, inasema kwamba adhabu haikubaliki ikiwa haiendani na umri na hali ya mwili na akili ya mtoto, au ikiwa mtoto hawezi kuelewa sababu ya kuadhibiwa. Aliyejificha chini ya dawati kwa hofu ya mvua analindwa na maneno hayo, na mwalimu mkuu anapaswa kukumbushwa kwa upole na kwa maandishi.

Daftari hilo huwafaa pia watoto wasiotulia na wale ambao herufi huwagomea. Mtoto anayechanganya b na d darasa la tatu, lakini anajibu vizuri akiulizwa kwa mdomo, aandikiwe hivyo hivyo, ili mwalimu ajue kwamba somo limeingia na kikwazo ni kuandika.

Mwezi wa Desemba msilitupe. Shule inapokaribia kufunguliwa Januari, omba ruhusa mtoto akaone darasa jipya likiwa tupu na achague mahali pa kukaa, na umkabidhi mwalimu mpya kurasa zinazoeleza kinachomtuliza. Akikaribia mitihani ya taifa, ulizeni mapema kama shule imemwombea muda wa nyongeza ambao Baraza la Mitihani huwapa watahiniwa wenye mahitaji maalumu, kwa sababu ombi hilo hupitia shuleni na mzazi hawezi kulipeleka mwenyewe siku ya mtihani.