Mdhamini, mfadhili au mwenye tangazo?

SWALI: Naandika habari za michezo. Kila ninapoiita kampuni yenye nembo kwenye jezi "mfadhili wa timu", mhariri wangu anabadilisha kuwa "mdhamini". Si maana ni ileile? Na kampuni ambayo jina lake limepewa uwanja iitweje?

JIBU: Mhariri wako yuko sahihi. Mfadhili ametokana na fadhila: anatoa, hadai chochote. Nembo ya jezi ni biashara. Mkataba unataja ukubwa wake, mahali itakapokaa (kifuani, mgongoni au kwenye mkono) na idadi ya misimu. Timu ikiingia uwanjani bila nembo hiyo, imevunja mkataba, haijakosa shukrani. Mdhamini kwa asili ni anayemwekea mwenzake dhamana, kama mahakamani, na wajibu huo wa kufungamana ndio uliolifanya neno lifae michezoni.

Jezi ya Barcelona ya mwaka 2006 inalionyesha hili vizuri. Kifuani palisomeka UNICEF, lakini ukiandika kwamba UNICEF iliidhamini Barcelona umepotosha: klabu ndiyo iliyotoa euro milioni 1.5 kwa mwaka. Mfadhili alikuwa Barcelona, mfadhiliwa UNICEF. Nembo ya kulipiwa ilifika kifuani mwaka 2011, ya Qatar Foundation. Kwa hiyo usichague neno kwa kuitazama jezi; uliza kwanza fedha zimetoka kwa nani.

Jihadhari pia na "kampuni inayothamini ligi". Kosa hili naliona mno, na linaumiza kwa sababu sentensi bado inaleta maana, ila si uliyoikusudia. Kuthamini ni kuona kitu kina thamani, na mthamini ni mkadiriaji wa bei ya mali. Th na dh hutamkwa mahali pamoja, ulimi kwenye meno. Dh ina mghuno, yaani mtetemo wa nyuzi za sauti kooni; th haina. Anayezichanganya akitamka atazichanganya akiandika.

Kuhusu uwanja, kiunganifu -a (wa, ya, la na wenzao) ndicho chenye mtego. "Uwanja wa Allianz" humfanya msomaji adhani kampuni ndiyo mmiliki, kumbe mwenye uwanja ni Bayern Munich. Mara ya kwanza andika "uwanja wenye jina la Allianz", na kampuni iite "mnunuzi wa haki ya jina". Tena jina hilo halitumiki kila siku: katika Kombe la Dunia la 2006 liliondolewa, maana FIFA haikuruhusu viwanja kubeba majina ya kibiashara. Ukiripoti mechi za mashindano hayo, "uwanja wa Munich" unatosha.

Aliyelipia bango la pembeni tu, bila mkataba mwingine na timu, si mdhamini. Wala usimwite mtangazaji, kwani huyo ni mwenye kipaza sauti. Mwite "mwenye tangazo".