Kitenge kimoja, anwani saba

SWALI: Fundi mambo, nauza vitenge online, duka langu liko WordPress. Bidhaa hazifiki 120 lakini Search Console (kile chombo cha Google cha mwenye tovuti) inanionyesha kurasa 900 na ushee! Jamaa mmoja kanitisha eti Google itanipa adhabu ya kukopi, anataka laki tatu anisafishie. Nimpe? – Muuza vitenge, Morogoro

JIBU: Dada, hiyo laki tatu ongezea mzigo. Google haiadhibu mtu kwa vile kitenge chake kinafunguka kwa anwani mbili tatu, wanaotafutwa ni wale wa kuiba maandishi ya watu na kudanganya.

Ila tatizo lipo. Wewe unaona ukurasa mmoja, Google inaona yenye http, yenye https, yenye www, isiyo na www, halafu mteja akibonyeza bluu anwani inaota mkia ?rangi=bluu, akipanga kwa bei mkia mwingine, ukishea Facebook nao wanabandika fbclid, alama yao ya kufuatilia mibonyezo, ndo 120 zinazaa 900 hivyo. Huyu kalinki hii, yule ile, na Google inajichagulia ya kuonyesha, saa nyingine ile yenye mkia mbaya kabisa.

Ya www na http ni rahisi: chagua moja, zingine zote ziridairekti, yaani zimpeleke mtu kwenye hiyo moja, kwa 301, namba ya kuhama moja kwa moja. Isiwe 302, hiyo ni ya muda. Mwambie mtu wako wa hostingi, ni kazi ya dakika.

Mikia sasa huwezi kuridairekti, mteja atachaguaje rangi? Hapo inaingia tagi ya rel="canonical", mstari mmoja tu kwenye head ya ukurasa (sehemu ya juu ya kodi yake, mteja haioni) unaosema "ukurasa halisi ni ule pale". Google, Yahoo na Microsoft waliikubali tangu Februari 2009, sio ujanja wa jana. Plagini kama Yoast inaiweka yenyewe, wewe fungua sosi (kodi) ya ukurasa utafute neno canonical uone imeandika nini. Angalia vizuri jamani, nishakuta duka tagi zote zinaelekeza hompeji, yaani mwenye duka anaiambia Google bidhaa zake zote ni kopi za mlango!

Na usiifungie mikia kwa robots.txt, lile faili la kuiambia Google isipite wapi, ukifunga Google itaisomaje hiyo tagi? Halafu tagi ni ombi, sio amri. Menyu na sitemap yako (orodha ya kurasa unayoipa Google) zikitaja anwani nyingine, unaweza kupuuzwa.

Ingia Search Console, kagua anwani ya kitenge kimoja chenye mkia, linganisha canonical uliyotaja wewe na iliyochaguliwa na Google. Zikifanana tulia, hizo mia saba na kitu zilizoandikwa hazijaindeksiwa (Google haijaziweka kwenye orodha yake ya kutafutia) kwa sababu ni mbadala sio kosa, ziache hapohapo. Zikitofautiana nitumie zote mbili nizicheki.