Haki za Jamii Nilizisoma Upya Mwaloni

Wiki iliyopita binti mmoja anayetarajia kuanza chuo aliniuliza kama kusoma haki za jamii na ushiriki wa wananchi kutamfaa, au atakuwa amepoteza ada ya wazazi wake. Baba yangu mdogo aliwahi kuniuliza swali hilohilo, nami sikuwa na jibu hadi nilipofika mwaloni, yaani ufukweni ambako mitumbwi ya uvuvi hushusha samaki.

Mwaka 2019, nikiwa mwaka wa pili, nilikwenda kwenye mwalo mmoja wa Ilemela, Mwanza, nikiwa na dodoso la maswali 40 kuhusu nafasi ya wanawake katika maamuzi ya mtaa. Nilikwenda wakati wa giza, yaani siku ambazo mwezi hauonekani na mitumbwi huvua dagaa usiku kucha kwa taa, hivyo tangu alfajiri wanawake walikuwa wakipokea dagaa na kuwaanika, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuketi nami. Baada ya siku tatu nilirudi Mabatini na madodoso manne, nikaandika katika daftari langu kwamba wanawake wale hawana mwamko. Naona aibu hadi leo kwa neno hilo. Kabla sijaondoka, mama mmoja aliniambia kwa upole, "Mwanangu, njoo mwezi ukiwa mkubwa, wavuvi wakipumzika. Hapo tutakaa."

Nilirudi mbalamwezi, na safari hii wao ndio walioniuliza maswali. Walitaka kujua habari za asilimia kumi. Kwa mujibu wa Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kama ilivyorekebishwa mwaka 2018, kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Nilikuwa nimelieleza jambo hilo vizuri kwenye mtihani, lakini walipouliza waanzie ofisi gani, nilinyamaza.

Tukaanza pamoja: afisa maendeleo ya jamii wa kata, katiba ya kikundi, usajili, akaunti ya benki, mihutasari ya vikao. Ofisa mmoja alituzungusha mara tano, kila mara akidai karatasi nyingine, mpaka tulipoandika barua iliyonukuu Ibara ya 21 ya Katiba, inayompa kila raia haki ya kushiriki kikamilifu katika kufikia uamuzi juu ya mambo yanayomhusu. Fomu zetu zilipokelewa wiki ileile. Mkopo ulitoka baada ya miezi 11, nao wakajenga chanja ili dagaa wao wasianikwe tena mchangani na kushushwa bei kwa sababu ya michanga. Mikopo hiyo iliposimamishwa nchini mwaka 2023, kabla ya kurejeshwa mwaka 2024, kikundi kilikuwa kimekwisha kurejesha deni lote. Najivunia hilo kuliko cheti changu.

Msimamizi wangu hakuliona hivyo. Aliipa ripoti yangu alama C na kuandika pembeni kwamba nimeacha utafiti nikawa mwanakikundi. Iliniuma, na bado inaniuma, kwa sababu hakuwahi kukanyaga mwalo ule.

Kwa hiyo, mdogo wangu, soma fani hii, lakini usiisome ukumbini peke yake. Ijue ratiba ya watu kabla ya kupanga ratiba yako. Hudhuria mkutano wa mtaa wako, maana ukishatimiza miaka 18 wewe ni mjumbe wake, na uulize mapato na matumizi yanabandikwa wapi. Nawaona wahitimu wengi wakilaumu wananchi kwa kutohudhuria mikutano, ilhali mikutano yenyewe huitishwa saa ambazo mama wa dagaa yuko chanjani. Hilo si kosa lake, na msomi wa haki anayelinyamazia hajaanza kazi.

Ripoti ile sikuichukua tena chuoni. Nakala yangu anayo mweka hazina wa kikundi, ndani ya faili la mihutasari, na wanawake kutoka mwalo wa jirani wameshaiazima mara mbili ili wanakili ile barua ya Ibara ya 21 iliyomo ndani yake.