Rebmann alikuwa mchungaji au mpelelezi?

Ndugu uliyeuliza kama Johannes Rebmann alikuwa mchungaji kweli au mpelelezi tu wa milima: mchungaji, tena wa kung'ang'ania. Watu wanamkumbuka kwa Mei 11, 1848 alipoona theluji juu ya Kilimanjaro, na kule London Cooley, mtaalamu wa jiografia aliyekuwa hajakanyaga huku, akambishia. Safari yenyewe alienda na mwavuli, silaha hana.

Lakini hayo ni machache katika maisha yake. Alifika 1846, akakaa Rabai, karibu na Mombasa, na pwani miaka 29 bila kurudi kwao Ujerumani hata mara moja. Mmisionari mwenzake, Krapf, aliondoka, yeye akabaki na waumini wa kuhesabika kwa vidole. Mimi kinachonigusa ni kamusi ya Kinyanja: aliketi na mtumwa mmoja, Salimini, mtu wa upande wa Ziwa Nyasa, akimuuliza neno baada ya neno na kuandika. Kitabu kilichapishwa 1877, mwenyewe ameshafariki mwaka uliotangulia. Alirudi kwao 1875 macho yameshakufa, akiongozwa na Isaac Nyondo, kijana wa Rabai.