Dogo wa Igoma, acha mbio kwanza, toa vyeti mezani

Dogo, umeuliza ujiandaeje kwa usaili wa JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, ukaandika aya nne za kilomita, pushapu na miwani, halafu bomu lenyewe ukalipitisha kwenye mabano: cheti cha kuzaliwa kina Masalu, cha kidato cha nne kina Masaru, "ila kuna jamaa kaniambia kiapo kinatosha". Jamaa gani huyo? Ana steshenari? Maana na mimi nilikuwa na jamaa.

Mimi nilikuwa na majina matatu. La kuzaliwa lina L. Mwalimu aliyeniandikisha shule alikuwa mtu wa ng'ambo ya ziwa, akasikia R, na R hiyo ikanifuata hadi kidato cha nne. Fomu ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, nikaijaza mwenyewe, kwa mbwembwe za ujana nikaweka S mbili. Nilidhani napendezesha sahihi.

Jamaa yangu wa steshenari akaviangalia vyeti, akacheka. "Herufi moja hiyo, mdogo wangu. Jeshini wanaangalia kifua." Akanichapia palepale kiapo cha majina, ile karatasi ya kuapa kwamba majina yote ni ya mtu mmoja, akatoa muhuri wa wakili kwenye droo anayowekea chenji na karanga, akagonga. Elfu thelathini. Wakili mwenyewe sijamuona mpaka leo. Akaniuzia na kitini cha "maswali ya usaili", elfu kumi, na kwa ulivyokieleza ni hichohicho ulichouziwa wewe. Nikatoka pale najiona mwanajeshi. Kila alfajiri napandisha kilima cha Bugando hapa Mwanza, nashuka, nazunguka Capri Point. Kifua kilikuwepo, usinione hivi.

Siku ya usaili wa JKT kujitolea, wilaya siitaji, tulipangwa chini ya mwembe. Afande akavilaza vyeti vyangu mezani vikiwa vimegusana, akawa anafuata herufi kwa ncha ya kalamu, hata usoni hanitazami.

"Huyu nani?"
"Mimi, afande."
"Na huyu?"
"Mimi."
"Na huyu wa S mbili?"
"Ni mimi pia, afande."
"Mko wangapi?"

Foleni nzima iliangua kicheko. Ningenyamaza hapo, ningerudishwa nikarekebishe majina, basi. Lakini nilikuwa na silaha ya elfu thelathini, nikaichomoa. Afande akaisoma, akaniuliza wakili aliyeniapisha ni mwanamume au mwanamke, ofisi yake mtaa gani. Nikabaki nautazama mwembe. Kumbe kiapo unaapa wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, mbele ya wakili au hakimu. Mhuri wa kwenye droo ni karatasi ya kughushi, na kughushi ni jinai. Nilikuja na tatizo la herufi, nikakaribia kuondoka na kesi. Akanirudishia vyeti, akaniambia nimshukuru Mungu foleni ni ndefu.

Nilirudi kwa yule jamaa. Unajua alisema nini? "Ungewaambia ni jina la ukoo." Hela hakurudisha. Alinipa karanga.

Kusafisha majina kihalali kulinila miezi mingi. Cheti cha mtihani ndicho kigumu kukigusa, kwa hiyo nilikishika hicho, vingine ndivyo nikavihangaikia vikifuate: kiapo cha kweli kwa wakili, kisha RITA wanaotoa vyeti vya kuzaliwa, kisha NIDA. Vilipolingana, kikomo cha umri kwenye tangazo kilikuwa kimeshanipita. Sasa hivi napakia dagaa pale Mwaloni. Gunia haliulizi jina.

Kwa hiyo jina moja, herufi zilezile, mpangilio uleule, kwenye kila karatasi, kabla tangazo halijatoka. Tangazo likishatoka umechelewa, siku zake huwa chache.

Hicho kitini kifungie maandazi. Maswali yake ni ya ASVAB, mtihani wa kuingia majeshi ya Marekani. Kuna maswali ya injini na saketi za umeme. Na kule lazima uwe raia wao au mkazi mwenye grini kadi. Wewe unatoka Igoma.

Na aliyekwambia ukimaliza JKT kazi ipo, mwambie asome tangazo lenyewe: JKT halitoi ajira, limekuwa likiandika hivyo lenyewe. JWTZ, jeshi lenyewe la ulinzi, wakiita huwa wanataka cheti cha JKT, hilo ni kweli, ila cheti hicho nacho kitakuwa na jina juu yake. Umenielewa?

Uliuliza na kilomita. Mimi pale sikukimbia hata hatua moja, raba zilirudi mpya.

Toa vyeti sasa hivi, vilaze vigusane, tumia kalamu. Ukikuta zaidi ya hiyo L na R, rudi hapa uniambie ni ipi.