Kwa mnaoanza kazi famasi: kabla hujamkatia mtu vidonge

Kwa wenzangu mnaoanza kazi famasi, iwe Busia, Arua au Kampala: majina ya dawa, bei na mahali zinapokaa mtavishika haraka. Kitakachowachukua muda ni kuzungumza na mgonjwa aliyefika akiwa tayari ameamua antibiotiki, yaani dawa ya kuua bakteria, anayoitaka.

Wengi hawaji na karatasi ya daktari. Wanakuja na noti. "Dada, nipe amoksilini ya elfu moja." Huyo ni kijana wa boda, pua inamtiririka, koo linamwasha, na jioni lazima awe barabarani. Ukimkatia vidonge vichache ataondoka ameridhika, lakini mafua yake yanatokana na virusi, na antibiotiki haigusi virusi. Tena kwa sheria ya Uganda dawa hizi hutolewa kwa kuandikiwa, na NDA, mamlaka inayosimamia dawa nchini, inatudai tulizingatie hilo.

Usianze kwa kumsomea sheria, atahisi unamfukuza. Muulize kwanza. Umeanza kuumwa lini? Una homa? Kifua kinakubana? Umeshameza dawa gani tangu uanze kuumwa, na ulizipata wapi? Penisilini imewahi kukudhuru? Swali la dawa alizokwisha kumeza ndilo ninalolithamini zaidi, kwa sababu mara nyingi utakuta ameshaanza na mabaki ya dozi ya mke wake au ya mtoto. Kisha mpe kitu cha kumfaa: parasetamoli kwa maumivu, maji ya chumvi ya vuguvugu ya kusukutua koo, na maneno yaliyo wazi kwamba akianza kupumua kwa shida au homa ikizidi, aende kituo cha afya. Ukimkatalia tu bila kumpa chochote, atavuka barabara na kununua kwa jirani.

Homa nayo ina mtego wake hapa kwetu. Kipimo cha malaria kikionyesha hakuna, watu huruka moja kwa moja kwenye taifodi. Kipimo cha Widal, ambacho vituo vingi bado hukitumia, kinaweza kuonyesha taifodi hata kama mtu aliugua zamani akapona. Majibu ya Widal peke yake yasikutoshe kumpa mtu antibiotiki kama siprofloksasini.

Mwili wa binadamu, hasa utumbo, umejaa bakteria wengi. Kila antibiotiki inapoingia huua wale dhaifu, na wenye uwezo wa kuihimili hubaki wakizaana, na wanaweza hata kuwapa bakteria wengine jeni za usugu. Ndiyo maana dawa iliyomezwa bila sababu si "haidhuru" kama wateja wanavyosema. Mwaka 2019 peke yake, vifo vinavyokadiriwa kuwa milioni 1.27 duniani vilisababishwa moja kwa moja na bakteria sugu. Nikisoma hesabu hiyo nawafikiria watoto wachanga, maana mtoto mwenye maambukizi ya damu hana muda wa kungoja tumjaribishie dawa ya pili na ya tatu.

Jifunzeni makundi matatu ya antibiotiki yaliyopangwa na Shirika la Afya Duniani. Amoksilini, doksisaiklini na metronidazoli ziko kundi la kutangulia kutumiwa. Azithromaisini, siprofloksasini na seftriaksoni ziko kundi la tahadhari, kwa hiyo mgonjwa akikuambia "nataka ile kali," au akitaka sindano kwa sababu jirani alipona nayo, usimfuate. Kundi la tatu, lenye dawa kama kolistini, ni akiba ya hospitali.

Kuhusu dozi: mgonjwa atumie kwa siku alizoandikiwa. Asikatishe kwa kuwa amepata nafuu, na asiongeze siku kwa hofu. Aliyeandikiwa siku 5 akiwa na pesa ya siku 2, usimuuzie nusu kimyakimya. Mweleze kwamba vituo vya serikali hutoa dawa bure zinapokuwepo, au mpigie aliyemwandikia mjue la kufanya.

Dawa ya unga ya watoto inastahili dakika zako. Igonge chupa kwanza ili unga uachie chini. Tia kiasi cha maji yaliyochemshwa na kupoa, tikisa, kisha jaza mpaka kwenye alama na utikise tena. Unga ukibaki umeganda chini, mtoto atapata dozi hafifu siku za mwanzo na nzito siku za mwisho. Mpe mama bomba la kupimia, si kijiko cha chai, na mwonyeshe mstari wa dozi kwa kidole. Mwambie atikise chupa kila mara, asome kibandiko kujua inadumu siku ngapi, na inayobaki asimwekee mdogo wa mtoto huyo.

Na mwenye kuku akitaka vidonge vya binadamu avimwage kwenye maji ya mifugo, mwelekeze kwa daktari wa mifugo.

Mgonjwa akirudi siku ya tatu bila nafuu, usimbadilishie antibiotiki hapo kaunta. Mwandikie kwenye karatasi jina la dawa aliyotumia, nguvu yake, alivyoimeza na tarehe aliyoanza, aende nayo kituo cha afya. Atakayempokea huko akikuta maelezo hayo, ataweza kuamua kama achukue sampuli ya maabara kabla ya kumpa dawa nyingine.